Shajara ya mradi: majani ya mzambarau na hewa ya zamani

7 Juni

Mradi umeanza kwa kununua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa kama maji. Dada wa dukani pale sokoni Muheza aliniangalia vidole, kisha akaniangalia usoni. "Mwalimu, ni ya kwako?" Nikamjibu ni ya majani. Alicheka hadi jirani yake wa mitumba akaja kuuliza kuna nini.

Niandike kabisa ninachotafuta, nisije nikajisahau katikati. Upande wa chini wa jani umejaa vitundu vidogo mno, stomata, kila kimoja kina midomo miwili ya kufungua na kufumba. Kwa vitundu hivyo jani huvuta hewa ya ukaa ili lijitengenezee chakula, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Ni duka ambalo kila ukifungua mlango kupokea mzigo, maji ya ndani yanamwagika nje. Hewa ya ukaa ikiwa tele, mti hauna haja ya milango mingi. Ikiwa haba, unaongeza. Basi ukihesabu milango ya jani la kale, unaweza kukisia hewa ilivyokuwa wakati jani lile linachipua.

Wakati linachipua, nasisitiza. Idadi hupangwa jani lingali changa, halafu haibadiliki tena. Kuna jambo lingine lililonifurahisha nilipolisoma: majani makubwa yaliyokwisha komaa ndiyo yanayopima hewa, kisha yanapeleka habari kwa machipukizi kwamba mjifungulie milango kiasi gani. Wakubwa wanaonja, wadogo wanajengwa.

Aliyeifungua njia hii ni mtaalamu wa mimea, F. Ian Woodward. Mwaka 1987 alionyesha, kwa majani makavu yaliyohifadhiwa Cambridge, kwamba katika miaka 200 msongamano wa stomata kwenye miti ya kwao Uingereza ulipungua kwa karibu asilimia 40. Katika muda huo hewa ya ukaa ilitoka kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa hadi karibu 350. (Kuanzia hapa nitaandika ppm, mkono unachoka.) Hakutumia mtambo wa ajabu. Majani yalikuwa kabatini, hadubini mezani. Hadubini ninayo. Kabati sina.

8 Juni

Namna ya kufanya: osha jani, lifute, lipake rangi ya kucha upande wa chini, nusu ya njia kati ya mshipa mkuu na ukingo, eneo la ukubwa wa ukucha tu. Acha ikauke kabisa. Bandika selotepu, bonyeza, vuta taratibu. Rangi inabanduka ikiwa imebeba chapa ya ngozi ya jani, kama alama ya dole gumba kwenye fomu. Unaibandika kwenye kioo, unaiweka chini ya hadubini.

Nilianza na mpera kwa sababu uko mlangoni kwangu. Kosa. Chini ya jani la mpera kuna vinywele, na rangi ilivishika vyote. Nilichobandua kilifanana na kipande cha blanketi. Mwembe nao chapa zilitoka hafifu, sijui ni mkono wangu au ni jani. Mzambarau ndio umekubali mara ya kwanza: jani gumu, laini kama limepakwa mafuta, stomata ziko upande wa chini. Tena mzambarau unaota kuanzia pwani hadi huko milimani, jambo ambalo nitalihitaji baadaye.

Jioni nzima nilikuwa naona ukungu mweupe tu. Tatizo ni mwanga kuzidi. Nilipobana tundu la mwanga chini ya meza ya hadubini hadi karibu kufunga, mipaka ya seli ikajitokeza yote kwa pamoja, kama mtaa ukiangaliwa kutoka juu. Nilikaa nikiangalia hadi umeme ukakatika.

14 Juni

Shule zimefungwa, lakini vijana watatu wanaoishi jirani wanakuja Jumamosi. Nimewapa picha zilizopigwa kwa simu kupitia lenzi ya hadubini. Kipimo nimekipata kwa rula ya plastiki: duara ninaloona kwa ukuzaji wa mara 100 lina upana wa milimita 1.8, kwa hiyo kwa mara 400 ni milimita 0.45. Ndani ya picha tunachora mraba wa milimita 0.2 kila upande na kuhesabu vilivyomo.

Picha moja, watu wanne, majibu manne: stomata 15, 15, 19 na 22. Mwenye 22 alikuwa na uhakika kuliko wote. Tukarudia pamoja, kidole juu ya picha. Kumbe mzambarau una vitezi vya mafuta chini ya ngozi, ndiyo maana ukifikicha jani linanuka vile, na kwa juu kitezi kinaonekana kama kiduara kilichogawanyika. Kijana alikuwa anavihesabu. Stomata ina midomo miwili inayotazamana na ufa katikati. Kitezi hakina ufa. Tumeandika ubaoni: HAKUNA UFA, HAKUNA HESABU.

Kingine ni seli zilizokatwa na mstari wa mraba. Tumekubaliana: zinazogusa mstari wa juu na wa kushoto zinaingia, za chini na za kulia zinaachwa. Na mraba usipite juu ya mshipa, kwa sababu juu ya mshipa hakuna stomata na utajipunja bure.

21 Juni

Leo ndiyo siku niliyoelewa ninachofanya. Mti mmoja, ule wa nyuma ya jiko la shule. Tumechuma jani la juu linalopigwa na jua kutwa, na jani la ndani kivulini. Umri wao unakaribiana, hewa ni ileile.

Jani la juani, mraba mmoja: stomata 15, seli za kawaida za ngozi 88.
Jani la kivulini, mraba uleule kwa ukubwa: stomata 10, seli 61.

Kwa anayehesabu stomata peke yake, hilo ni pungufu la theluthi moja. Angekuwa mtu wa haraka angetangaza kwamba juu ya mti na kivulini mwake ni karne mbili tofauti.

Dawa yake ilitolewa na Salisbury, Mwingereza mwingine, mwaka 1927. Jani la kivulini hutanuka zaidi, seli zake zinakuwa kubwa na stomata zinasogezwa mbali mbali, kama madoa kwenye puto unalolipuliza. Madoa hayajapungua, ila puto limekua. Kwa hiyo usiulize stomata ngapi kwa eneo. Uliza, katika seli zote za ngozi, asilimia ngapi zimekuwa stomata. Hiyo ndiyo fahirisi ya stomata: stomata gawanya kwa jumla ya stomata na seli nyingine, zidisha kwa 100.

Juani: 15 kwa 103, asilimia 14.6. Kivulini: 10 kwa 71, asilimia 14.1.

Binti wa kidato cha tatu alirudia hesabu mara mbili kwenye kikokotoo, akaniambia, "Kwa hiyo mwalimu, jani linadanganya kwa idadi lakini halidanganyi kwa uwiano." Nimemwachia maneno yake kama yalivyo, ingawa na uwiano nao una siku zake.

28 Juni

Hakuna kazi. Rangi ya kucha imeganda chupani, nilisahau kufunga kifuniko.

5 Julai

Safari ya Soni, kwenye Milima ya Usambara. Wazo lake ni hili: sina jani la zamani, lakini nina mlima. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Ppm haibadiliki, ila jumla ya hewa yenyewe imepungua, na hewa ya ukaa imepungua nayo. Kwa urefu wa mita 1,270 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 86 ya ile ya baharini. Leo tuko karibu 425 ppm. Zidisha, unapata jani la Soni linaishi kama liko pwani kwenye 365 ppm hivi, ambayo ndiyo hewa ya dunia ya kama mwaka 1997. Vijana nilipowaeleza hawakulala. "Yaani tunapanda koasta Mombo tunashuka miaka ya tisini?" Ndiyo, kwa nauli ileile.

Si wazo langu. Jennifer McElwain, mtaalamu wa mimea ya kale, alilitumia kwa upande wa pili mwaka 2004: akihesabu stomata za mwaloni wa California ili kujua mti uliota kwenye mwinuko gani, na kwa hiyo milima ya kale ilikuwa na urefu gani. Sisi mwinuko tunaujua, simu inatuambia.

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona hadi masikio yanaziba. Tulishuka Soni, maporomoko yanasikika, baridi ya Julai imetanda. Mizambarau mitatu tuliipata kando ya mashamba, miwili yake kwenye shamba la mzee mmoja. Tulimsalimu, tukaeleza shida yetu. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Nani kati yenu ana sukari?" Kwake, mtu anayeomba majani ya mzambarau ni mgonjwa au ametumwa na mgonjwa. Tulipomwambia tunapima hewa, alitupa kingoe cha kuvutia matawi na akatuonya tusivunje vikonyo. Tulichuma ya juani tu, majani yaliyokomaa, matano kwa kila mti, na kila moja likaingia kwenye kurasa za gazeti likiwa na namba.

12 Julai

Miti mitatu ya Muheza, mitatu ya Soni. Majani matano kila mti, miraba kumi kila jani. Hiyo ni miraba 300, na macho yetu yanajua.

Kitu kimoja nilikifanya vizuri, sijisifu mara nyingi: vioo vyote vilipewa herufi na mke wangu, na orodha akaificha yeye. Anayehesabu hajui kama ni jani la bondeni au la mlimani. Ukijua unachotaka kukiona, mkono unakihesabu.

Matokeo baada ya kufungua orodha: Muheza wastani 14.2, Soni 15.0. Upande ni ule tulioutarajia, hewa haba, milango zaidi. Vijana wakashangilia. Nikawaomba wapange miti ya Muheza peke yake. Mmoja 13.1, mwingine 14.1, mwingine 15.4. Tofauti kati ya mti na jirani yake hapa bondeni ni kubwa kuliko tofauti kati ya bonde na mlima. Kimya.

Halafu kuna mambo mengine ambayo mlima unayabadilisha pamoja na hewa. Baridi. Ukungu. Hata fizikia yenyewe inanipinga kidogo: kwenye hewa nyepesi molekuli zinapenya kwa urahisi zaidi, kwa hiyo sehemu ya uhaba inafidiwa. Na mizambarau ya Soni huenda ni ukoo mmoja, mbegu za mti mmoja zilizosambazwa na ndege na watoto. Mlima ni mashine ya kurudi nyuma, lakini haikurudishi na hewa peke yake, inakubebesha na mizigo mingine.

Ndiyo maana wenye uwezo hawategemei mlima. Kule Maryland, Marekani, Taasisi ya Smithsonian wanakuza miti ya ginkgo ndani ya vibanda wakiipulizia hewa ya ukaa kwa viwango tofauti hadi 1,000 ppm, ili wajue mti huo unajibu vipi kabla ya kuanza kusoma visukuku vyake, yaani mabaki ya majani ya kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe. Ginkgo wameuchagua kwa sababu ni mti wa kale usiobadilika sana: majani yake ya mamilioni ya miaka iliyopita unaweza kuyatambua leo ukiwa na jani bichi mkononi. Wanaohesabu stomata zake wengi ni watu wa kawaida wakiwa majumbani, kwenye picha. Kama sisi, ila hawalipi nauli ya koasta.

26 Julai

Kabati la majani makavu. Nilidhani lingekuwa jirani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, hapo juu tu kutoka Muheza, na mkusanyiko wa mimea ulioanzia pale ndio uliokuja kuwa Hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ila ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mlima ninauona kila asubuhi, majani yake yako nchi ya pili.

Nikaandikia hebariamu nyingine, ya hapa nchini. Wiki tatu kimya, simu inaita hadi inakatika. Nilikwishaanza kulalamika nyumbani. Leo nimepata jibu, fupi na la haki. Kupaka rangi ya kucha kwenye jani la kumbukumbu, hapana, kabisa. Lakini kwenye karatasi ya mzambarau mmoja uliochumwa Tanga kabla ya Vita Kuu ya Pili kuna bahasha ndogo imebandikwa pembeni, yenye vipande vilivyodondoka vyenyewe. Nikifika mwenyewe na barua ya shule, nitapewa vipande viwili visivyozidi nusu ya ukucha.

Hewa ya miaka ile ilikuwa chini kidogo ya 310 ppm. Hilo tunalijua kutoka kwenye barafu ya Antaktika, ambayo viputo vyake vimetunza hewa ya miaka 800,000. Ndipo thamani ya majani ilipo. Ndani ya muda wa barafu unaweza kulisahihisha jani. Nyuma ya hapo viputo vimekwisha, unabaki na jani na vipimo vingine vichache visivyo vya moja kwa moja.

Wanafunzi walipouliza jani la zamani kuliko yote lililochumwa na mtu na kuhesabiwa, niliwapa hadithi ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale. Kaburini mwake kulikuwa na majani ya mzeituni. Wanasayansi Beerling na Chaloner waliyahesabu mwaka 1993 na kuyalinganisha na majani ya mizeituni ya Misri ya karne za karibuni. Ya kale yana stomata nyingi zaidi. Binti akauliza kama waliomba ruhusa kwa wenye kaburi. Sikuwa na jibu.

2 Agosti

Nimeharibu kipande cha kwanza.

Jani kavu la miaka themanini na zaidi halikubali rangi ya kucha vizuri, linapasuka. Njia yake ni kulilowesha kwenye jiki iliyozimuliwa, nyama ya ndani iyeyuke, ngozi ya nta ibaki nyeupe na kuelea, kisha uitie rangi nyekundu ya maabara. Nililiweka saa kumi na moja jioni. Nikasema nile kwanza. Akaja jirani, tukazungumza mambo ya maji ya bomba. Niliporudi saa tatu usiku, kwenye kisahani palikuwa na maji ya kijivu na uzi mmoja wa mshipa.

Kipande kilichovumilia vita, uhuru, panya na unyevu wa pwani, nimekiua kwa ugali na maongezi. Nilipaswa kujaribu kwanza na jani langu mwenyewe lililokaushwa. Naandika hapa ili nione aibu kila nikifungua daftari.

9 Agosti

Nimefanya majaribio kumi na mawili kwa majani yangu makavu. Jiki moja kwa maji matatu, unaangalia kila baada ya dakika ishirini, huondoki.

Tukiwa tunasubiri, swali la vijana: kwetu visukuku vya majani vipo? Vipo, tena vizuri. Mahenge, mkoani Singida, palikuwa na ziwa ndani ya shimo lililotobolewa na mlipuko wa volkano, miaka kama milioni 46 iliyopita. Tope lake laini lilifunika samaki, vyura, hata popo mmoja, na majani. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen waliyachambua, wakakuta jamii ya kunde kwa wingi, mmojawapo wakaupa jina la mkoa: *Aphanocalyx singidaensis*. Kwa umbo na ukubwa wa majani wakaona nchi ile ilikuwa na mvua haba, miti yenye sura ya miombo. Majani hayo yalikua katika dunia ambayo hewa yake ya ukaa ilikuwa nyingi kuliko ya leo, na Singida iko nchi kavu, siku moja ya basi kutoka hapa.

Nikawaeleza pia kinachokwamisha. Kwanza, umbo la jani kwenye jiwe halitoshi, lazima ngozi ya nta yenyewe iwe imebaki. Pili, upate ndugu yake aliye hai wa kumfananisha naye. Tatu, milango haipungui bila mwisho. Hewa ya ukaa ikishazidi sana mti unaacha kujibu, mstari unalala, na hapo jani linaweza kukuambia "nyingi" bila kukuambia ngapi. Hata hivyo McElwain, Beerling na Woodward mwaka 1999 walisoma majani ya Greenland na Uswidi ya mpaka wa Triasi na Jurasi, miaka kama milioni 200 nyuma, wakaona hewa ya ukaa ikipanda mara tatu hadi nne wakati viumbe vinatoweka kwa wingi. Ukubwa wa mruko wenyewe ulionekana, hata kama namba kamili ina mkia mrefu wa shaka.

23 Agosti

Kipande cha pili. Kiti kando ya kisahani, simu nimeizima, chakula nimeletewa. Baada ya saa moja na dakika arobaini kingo zikaanza kuwa nyeupe. Baada ya saa mbili na robo ngozi ikajitenga. Niliihamisha kwa brashi ya rangi ya maji ya mtoto wangu, nikishika pumzi.

Sehemu kubwa imekunjamana au ina madoa ya ukungu. Miraba inayosomeka ni minne tu. Nimeichanganya na miraba sita ya mti wa nyuma ya jiko, bila majina, nikampa binti wa kidato cha tatu. Alihesabu dakika hamsini akiwa ameuma kalamu. Alipomaliza alisukuma karatasi upande wangu akasema miraba minne ni tofauti na mingine, seli zake ni ndogo, na kama angeruhusiwa kukisia angesema hiyo ndiyo ya zamani.

Alikuwa sahihi kuhusu mitatu. Wa nne ulikuwa wa jikoni.

Kwenye jedwali nimejaza 4 katika safu ya idadi ya miraba, fahirisi nimeiandika kwa penseli, na safu ya ppm nimeiacha tupu. Nimeandika barua Nairobi. Shule zimefunguliwa, mti wa nyuma ya jiko umetoa majani mapya ya rangi ya shaba, na Jumamosi tunafunga nyuzi nyekundu kwenye vikonyo ishirini ili safari hii tujue kila jani lilichipua lini.